Mkwe Dirishani, Maji Sakafuni

Jumapili, 6 Aprili 2025. Kitale

Mashine ya kuosha vyombo ililetwa jana, na leo nimetoka kanisani mbio kuliko inavyomfaa mwanamke wa umri wangu ili niitazame tena. Ni nyeupe, inanifika kiunoni, na mlango wake unafunguka kwa kushuka chini kama wa oveni. Binti yangu Nangila ndiye aliyeninunulia. Vidole vyangu vimekazwa na yabisi, na asubuhi za baridi hata sponji siwezi kuikamua. Mimi niliyewafundisha darasani nusu ya wasichana wa Trans-Nzoia kwamba glasi huoshwa kabla ya sufuria!

Mashine ililetwa na mume wa Nangila, Gicheru, ambaye anauza na kutengeneza vyombo vya jikoni vya umeme pale mjini. Aliishusha kwenye veranda, akanisalimu huku akitazama mti wa avokado, akaenda zake. Ndivyo inavyotakiwa. Kwetu Wabukusu mkwe haingii jikoni mwa mama mkwe wake, hampi mkono, na hawatazamani usoni. Gicheru ni Mkikuyu wa Moi's Bridge, na kwao mambo haya yamelegea siku nyingi. Kwangu hayajalegea, na nilimwambia Nangila hivyo kabla hajavaa pete. Kwa hiyo mashine imeunganishwa na plamba wa mtaani, ambaye alikuwa na haraka kama anayefukuzwa.

Jioni mwanangu Khisa akapiga simu kutoka Bungoma. Amenijengea nyumba ndogo nyuma ya yake, na tangu mwaka jana wimbo wake ni mmoja tu, nihamie huko.

"Mama, hiyo nyumba yako iko na sakafu ya mbao," akasema. "Maji ikipitia hapo, mbao inaoza. Siku moja utakanyaga uingie chini."

"Haitapitia."

"Sawa. Mwezi wa saba nakuja na fundi tuangalie. Tukipata sakafu imeharibika, unakuja Bungoma. Tumeelewana?"

Tumeelewana, nikamwambia. Kwa nini niogope? Marehemu mume wangu Wanyonyi na mimi tuliinunua nyumba hii ikiwa na popo darini na nyasi kwenye mifereji ya paa. Kila Desemba alipiga magoti akazipaka mbao hizi nta, chumba kwa chumba. Mimi sihami kwa sababu ya sahani.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua kubwa. Mashine imeosha kila kitu, hata kijiko cha dawa. Nimeivisha kitambaa. Haiwezekani tivi ivae, friji ivae, redio ivae, halafu mgeni huyu wa maana akae uchi. Nimeichagulia kile cha rangi ya maziwa nilichofuma kabla vidole havijakaza, chenye pindo la maua linaloning'inia mbele. Kimekaa vizuri ajabu.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Palizi kwenye shamba langu la Tongaren imesimama.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Akina mama wa kanisa walikula kwangu. Baada ya chakula jirani yangu Wahu, ambaye hawezi kuona kitu kipya asikiguse, alisema nipumzike, yeye ataiwasha mashine. Akaijaza sahani, akamimina sabuni ya maji, ile ya kawaida ya kuoshea kwa mkono, na hakumimina kidogo. Tulikuwa sebuleni tukiimba povu lilipotutokea. Lilitoka mlangoni mwa mashine, likapita chini ya meza, likaja kutuamkua. Mama mchungaji alipandisha miguu kwenye kochi.

Nangila alifika na mumewe. Gicheru alisimama nje chini ya dirisha la jikoni, mgongo umetugeukia, akawa anamwambia Nangila, na Nangila ananiambia mimi, ingawa sote tulimsikia vizuri.

"Mwambie mama afunge mfereji kwanza, halafu azime ukutani."

"Mama, funga mfereji kwanza, halafu uzime ukutani."

"Na sabuni ya mkono isiwekwe tena. Hiyo inatoa povu, na povu haizuiwi na mpira wa mlango. Kuna yake ya unga."

"Mama, ati sabuni ya mkono..."

"Nimesikia, Nangila, mimi si kiziwi."

Tumepangusa kapeti ya plastiki mpaka ikang'aa. Kapeti hii naipenda, ina michoro ya vigae na imefunika jikoni ukuta kwa ukuta. Wahu ameomba msamaha, huku bado anacheka.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu. Mvua ya mawe mchana. Kabichi zimetoboka zote.

Jumamosi, 3 Mei

Kuna maji mbele ya mguu wa kushoto wa mashine. Ni kidogo, kama kijiko. Nilipangusa, nikaosha tena vyombo vya jioni, yakarudi.

Jumatatu, 5 Mei

Gicheru dirishani, mgongo kwetu, Nangila katikati. Leo ametuuliza kama tunakwangua sahani kabla ya kuzipakia. Nikasema mashine ni ya kuosha, kama nitakwangua mimi basi yenyewe itafanya nini?

"Mwambie mama hao walioitengeneza hawali ugali."

Nilitaka kukasirika, lakini nilipotoa chujio lililo chini ndani ya mashine nikakuta ukoko wa ugali umevimba ukawa kama ngumi ya mtoto. Unameza maji, unavimba, unaziba, na maji yakikosa njia yanapanda mlangoni. Hilo nakubali. Nimelisafisha chujio kwa mswaki wa zamani, na kuanzia leo kila sahani inakwanguliwa kwa mwiko kabla ya kupanda mashine.

Pia nimefua vitambaa vyote, kama ninavyofua kila mwanzo wa mwezi. Kwa mvua hii vitakauka lini, Mungu ndiye anajua.

Jumatano, 7 Mei

Kavu kabisa. Nimempigia Khisa simu nikamweleza habari ya ukoko. Alisema, "Vizuri, Mama," kwa sauti ya mtu anayengoja.

Jumatatu, 12 Mei

Vitambaa vilikauka juzi, jikoni pamependeza tena. Lakini maji yamerudi, na si kijiko tena. Ni kikombe.

Gicheru amekuja amejikinga na mwavuli uliovunjika ubavu mmoja. Alitaka tukague mpira unaotoka kwenye mfereji na ule unaotoa maji machafu. Kwa kuwa yeye haingii, na Nangila alikuwa bado na sare ya kazini, nililala kwa tumbo sakafuni na tochi. Nikapitisha karatasi ya chooni kwenye kila kiungo kama alivyosema, maana karatasi inaonyesha unyevu ambao kidole hakiusikii. Karatasi ikatoka kavu. Mpira wa maji machafu, kumbe, yule plamba wa haraka aliuacha umelala chini. Unatakiwa upande juu kwanza, chini ya meza, ndipo ushuke, ili maji machafu yasirudi ndani. Nimeufunga juu kwa kamba ya katani, lakini baada ya hapo maji yakavuja tena sakafuni kama kawaida.

"Mama, si umwache tu aingie?" Nangila akaninong'oneza. "Dakika mbili, aone mwenyewe."

"Sitaki."

"Anasimama kwa mvua, Mama."

"Ana mwavuli."

Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: huyu mkwe simwelewi. Anasema maneno machache, halafu ananyamaza, na ukimya wake nauona kama dharau. Pengine ametuletea mashine iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, na sasa anatafuta njia ya kutulaumu sisi na ugali wetu.

Alhamisi, 15 Mei

Jikoni kuna harufu. Nimemlaumu panya.

Jumamosi, 17 Mei

Siyo panya.

Asubuhi nilivuta friji nikaikunja kona ya kapeti ya plastiki ili nitafute huyo panya, na harufu ikanipiga usoni, ile ya viazi vilivyosahaulika kwenye gunia. Chini ya kapeti maji yalikuwa yametandaa yakatulia. Sijui ni ya wiki ngapi. Yale niliyokuwa nikiyapangusa mbele ya mashine yalikuwa yale yaliyoamua kujionyesha tu. Mengine yote yalipita chini ya ile michoro yangu ya vigae, na plastiki ikayafunika kama sufuria inavyofunikwa, yasikauke, yasionekane.

Mbao zimekuwa nyeusi kuanzia kwenye mashine mpaka karibu na mlango wa stoo. Nilibonyeza kwa dole gumba mahali pawili na dole likazama kidogo. Niliogopa. Nasema wazi kwamba niliogopa mpaka nikakaa palepale chini na sketi yangu ikalowa. Nilimwona Wanyonyi amepiga magoti juu ya zile mbao, kopo la nta kando yake, akiniuliza kama nimeona zinavyong'aa. Halafu nikaiona ile nyumba ya Bungoma, na Khisa akibeba godoro langu kwenda nalo garini.

Nililia, sikulia sana. Halafu nikainuka, maana kulia hakukaushi sakafu.

Nimeikunja kapeti yote, nikaiburuta mpaka nje nikaianika kwenye ua. Nimefungua madirisha na mlango wa nyuma, nimewasha jiko la makaa nikaliweka mlangoni ili hewa ipite. Mashine nimeiwekea sinia pana chini, ili tone lolote likianguka nilione na kulisikia. Mfereji wake sasa unafungwa kila inapomaliza kazi. Haiwashwi tena nikiwa naenda kanisani au sokoni. Itawashwa nikiwa nimeketi mbele yake, macho kwa macho, kama msimamizi wa mtihani.

Khisa sijamwambia. Mwezi wa saba bado uko mbali.

Jumatatu, 19 Mei

Sinia limepata maji. Nimeyamwaga kwenye sukuma wiki.

Jumamosi, 24 Mei

Sinia limepata maji.

Jumapili, 1 Juni

Sikukuu ya Madaraka. Mvua imenyesha juu ya gwaride la redioni na juu ya Kitale vilevile. Gicheru ameagiza kupitia Nangila nipime kama mashine imesimama sawa: niweke bakuli pana lenye maji juu yake nione yanaegemea wapi. Yanaegemea mbele, yaani nyumba ya zamani imeinama kidogo, kama mwenyewe. Kesho nitaizungusha miguu yake.

Jumatatu, 2 Juni

Nimezungusha miguu ya mbele mpaka maji ya bakuli yakasimama sawa. Nimefua vitambaa. Sinia ni kavu!

Ijumaa, 6 Juni

Kavu tangu Jumatatu. Niliimba nikipika chai. Hata huyo mkwe nimemtumia ndizi kupitia Nangila.

Jumanne, 10 Juni

Jua lilitoka jana, vitambaa vikakauka, nikapanga nyumba yangu vizuri. Leo sinia limejaa nusu. Sielewi. Mashine imesimama sawa, chujio ni safi, mipira haina tone. Nangila anasema pengine turudishe mashine. Nikamwambia mimi sishindwi na kabati la maji.

Alhamisi, 12 Juni

Khisa amejua. Wahu aliiona kapeti yangu kwenye ua, akamwuliza Nangila, kisha kwa wema wake wote akampigia Khisa kumpa pole. Simu ikalia saa ya chai.

"Mama, sakafu iko aje?"

Nimemlea mwenyewe, siwezi kumdanganya kwa simu. Nikamwambia.

"Tarehe tano mwezi wa saba nakuja na Mathenge, yule fundi wa mbao. Nakuja na pick-up pia."

Pick-up. Hakuongeza neno lingine, na mimi sikumwuliza ni ya kazi gani. Kwa Wahu siendi tena kumwamkua.

Jumamosi, 21 Juni

Mvua siku nzima. Sinia limepata maji. Mbao zinakauka polepole mno katika baridi hii. Zile mbili laini bado ni laini.

Jumamosi, 28 Juni

Leo lazima niandike yote.

Nangila yuko Bungoma kwa mafunzo ya kazini. Baada ya chakula niliwasha mashine, nikakaa mbele yake, na kabla haijafika nusu tone la kwanza likagonga sinia. Nikampigia Nangila simu. Nadhani sauti yangu haikuwa nzuri, maana muda si muda nilisikia pikipiki, na Gicheru akawa chini ya dirisha. Peke yake. Hakukuwa na mtu wa katikati.

 Mvua ya mawe ilianza. Nilimwona mgongo tu, na gunia alilojifunika kichwani, na mawe yakiruka juu ya mabega yake.

"Mama," akasema kwa ukuta wa choo cha nje, "samahani naongea na wewe moja kwa moja. Nangila hayuko."

Nikapangusa mikono. Halafu nikasema, "Sema tu."

"Mimi hiyo mashine sijawahi kuiona vile imekaa. Naambiwa tu. Nataka uniambie kila kitu iko hapo. Kila kitu. Hata kama ni ya upuuzi."

"Kuna mashine."

"Ndio."

"Kuna vitufe, na taa ya kijani imewaka. Kuna kishikio. Kuna sinia chini. Juu kuna kitambaa na juu ya kitambaa kuna kopo la..."

"Ngoja. Kitambaa gani?"

"Kitambaa. Vitambaa si unavijua?"

"Iko juu ya mashine? Inashuka kwa mlango?"

"Pindo lake tu ndilo linaloshuka."

Hapo aligeuka nusu, akakumbuka, akarudisha uso wake ukutani haraka.

"Mama, zima. Funga mfereji. Sasa angalia, hiyo pindo imeingia ndani ya mlango?"

Nikaangalia. Maua yangu mawili yalikuwa hayaonekani. Nilipoushusha mlango yakatokea yakiwa yamelowa chepechepe, na alama nyeusi ya mpira imeyakata katikati. Nilikuwa nikiufungua mlango, pindo linaanguka juu ya uwazi, na nikiufunga linabanwa. Mpira ukawa haushiki mahali hapo. Uzi ukanyonya maji ndani ukayatoa nje, tone kwa tone, yakateremka ubavuni mwa mlango ambako hakuna anayepaangalia. Kitambaa nilikuwa nakiona kibichi kila siku. Nilidhani ni mvuke.

Halafu nikakumbuka siku za kavu. Chujio halikuhusika, wala miguu. Kila nilipofua vitambaa mashine ilikaa uchi mpaka vikauke, na ilipokaa uchi haikuvuja. Mimi nikalisifu chujio safi na bakuli la maji. Nangila alipita mbele ya kitambaa kile mara zote hizo asikione, kwa kuwa amezaliwa nyumba yenye vitambaa, na kwake kitambaa si kitu, ni sehemu ya ukuta. Mtu pekee ambaye angekiona mara moja nilimsimamisha nje tangu Aprili.

"Ni hicho," nikasema.

Nikasikia sauti ambayo sikuijua. Gicheru alikuwa anacheka. Alicheka mpaka gunia likaanguka, na mimi nikajikuta nacheka upande wangu wa ukuta, mbavu zinaniuma, mawe yakipiga mabati hata hatukusikilizana. Nilimpa chai ya tangawizi kwa kuiweka kizingitini nikaondoka, yeye akaichukua. Kikombe alikirudisha kimesuuzwa kwa maji ya mvua.

Sikumjua huyu mtu hata kidogo.

Jumatatu, 30 Juni

Kavu. Kitambaa kimehamishiwa kwenye cherehani.

Alhamisi, 3 Julai

Kavu. Nimeenda kumwamkua Wahu. Amefurahi mpaka amenipa kuku.

Jumamosi, 5 Julai

Khisa alifika asubuhi na Mathenge, na ile pick-up ikiwa nyuma tupu. Nilikuwa tayari. Niliondoa sinia, nikatandaza gazeti chini ya mashine, nikaijaza sufuria na sahani, nikawasha, nikawapa viti. Tukaketi watatu tukiitazama kama watu wanaongoja ugali uive. Ilipomaliza nilimwambia Khisa atoe gazeti mwenyewe. Alilipapasa pande zote mbili.

"Iko kavu," akasema.

Kisha Mathenge akang'oa mbao. Niliiangalia nyundo yake kila ilipopanda. Mbao mbili zimekufa. Boriti ya chini aliipiga kwa kisigino cha nyundo, ikalia vizuri, akasema hii mwerezi ya zamani iko na roho ngumu, ataweka mbao mbili mpya na zingine zikauke bila kufunikwa. "Hii nyumba itazika sisi wote," akasema.

Nilimgeukia Khisa nikiwa nimeshinda. Nilitaka hata kupiga makofi. Lakini yeye hakuwa anaangalia sakafu.

"Mama, hata hivyo njoo Bungoma."

"Khisa! Tulielewana nini? Sakafu ni nzima. Unaogopa nini sasa?"

Mathenge akasema anaenda kutafuta misumari garini, akatoka.

"Naogopa simu," Khisa akasema. "Nilikuwa ofisini siku ile Baba alianguka hapa. Wewe ulikuwa mkutano wa kanisa Moi's Bridge. Ni Wahu alinipigia. Mpaka leo hiyo simu ikilia mchana, naangalia kwanza kama ni Wahu. Ile siku Wahu alipiga ati anipe pole ya kapeti, nilikaa chini kwa corridor ya ofisi kabla nishike."

Sikuwa najua. Miaka yote hii nilidhani ananiona mzee.

"Nangila yuko karibu," nikamwambia.

"Nangila anatoka kazi jioni. Yule ako hapa karibu mchana ni Gicheru. Duka yake na hapa ni pikipiki tu." Akapangusa uso. "Na ukianguka hapa jikoni, Mama, yeye atafanya nini? Atasimama kwa dirisha akuulize maswali?"

Nilitazama lile dirisha, na mahali anaposimama Gicheru nje yake.  Khisa aliondoka na pick-up tupu, bila kuniambia kama ameshindwa au anangoja.

Jumapili, 6 Julai

Sikwenda kanisani.

Jumanne, 8 Julai

Mathenge ameweka mbao mbili mpya. Ni nyeupe katikati ya zile nyekundu. Kavu.

Jumamosi, 12 Julai. Bungoma

Nimekuja kwa Wilkista, shangazi wa watoto, dada yake Wanyonyi, maana jambo la mkwe haliamuliwi na mtu mmoja. Nilimweleza yote, nikimtarajia aniambie niheshimu mila.

"Phelista," akasema, "mimi mkwe wangu alireta brangeti zamani, tukamarizana naye. Akapewa kuku, akaingia. Si ndio anapereka mimi hosipitari? Wewe ulikuwa unangoja nini?"

"Nilidhani ninyi mngenisema."

"Sisi turidhani wewe humpendi."

Kumbe njia ya kutoka ilikuwa ndani ya mila yenyewe, mkwe akileta blanketi akapewa kuku mwiko unaisha, na mimi niliyejifanya mlinzi wa mlango sikuwahi kuulizia ufunguo. Nimeona haya, lakini si nyingi sana.

Nimelala katika ile nyumba ya Khisa. Ameweka vishikio kwenye kuta za bafu, na dirisha la kitandani linatazama migomba. Nilitarajia kuichukia. Ni nyumba nzuri, na niligusa vile vishikio kimoja kimoja, moyo ukaniuma kwa huyu mtoto. Lakini si kwangu.

Jumapili, 20 Julai

Mvua. Mahindi ya Tongaren yametoa ndevu. Mashine kavu.

Jumamosi, 26 Julai. Kitale

Wamekuja wote. Shangazi Wilkista aliketi sebuleni na kilemba chake kikubwa, mama yake Gicheru akatoka Moi's Bridge na kikapu cha viazi, Khisa akachinja. Gicheru alileta blanketi zito la kahawia. Shangazi akalikunjua, akalipima kwa mikono, akanifunika nalo mabegani, akatamka maneno yanayotamkwa. Nikampa mkwe wangu kuku aliye hai. Kuku alimnyea kwenye suti, na kila mtu akasema hiyo ni baraka.

Halafu shangazi akasema, "Sasa muonyeshe jikoni."

Nilitangulia. Yeye alisimama mlangoni akiwa amevua viatu, amevishika mkononi.

"Naingia, Mama?"

"Ingia."

Alikanyaga zile mbao mpya, akaitazama mashine aliyoielezwa miezi yote, akatikisa kichwa. Nikamnyoshea mkono wangu wa kulia, huu uliokunjamana. Hakunibana vidole. Alinishika kwenye kifundo cha mkono, taratibu, kama mtu aliyekwisha kuambiwa panapouma, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. Ana macho mapole. Nilimwambia hivyo, mbele ya watu, na sikujali.

Khisa alikuwa nyuma yetu ameshika sinia la nyama. Aliliweka juu ya meza, akatoka nje, akakaa huko kidogo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akanawa mikono kwenye sinki, akaifuta muda mrefu, akasema kwamba Jumatatu ataanza kutafuta mtu wa kupangisha ile nyumba ya Bungoma.

Nilimwambia atafute mpangaji msafi, maana nyumba ile ni nzuri.